Avoka wa Nyumba ya Mgriki

Avoka, wakili wa mtaa wetu, aliogopa maji. Ni jambo la kushangaza kwa mtu aliyeishi Kalemie miaka mingi namna ile, mji ambao hata ukijifungia chumbani unasikia ziwa likipiga mawe, lakini ndivyo alivyokuwa. Hakupanda mtumbwi, hakupanda meli. Wafugaji wa Pepa walipomwita awatetee kwa ajili ya ng'ombe wao walionyang'anywa, wao wenyewe walirudi kwa boti mpaka Moba, wakapanda mlima, wakamngoja. Yeye alipita njia ya nchi kavu, juu ya magunia ya mihogo ndani ya lori lililoharibika kila penye mlima, akafika kope zake zimejaa vumbi jekundu na kesi imekwisha kuahirishwa. Walipomwuliza kwa nini hakuja kwa maji kama wengine, aliwajibu kwamba juu ya maji mtu hana pa kukatia rufaa.

Alikuwa na majibu ya namna hiyo, na mtaa wetu nyuma ya stesheni ulikuwa ukiyakusanya. Mtu akitoka kwake, wa kwanza kukutana naye alikuwa anauliza, leo Papa Avoka amesema nini?

Alikuwa mfupi, kichwa kikubwa, viatu vyeusi vinavyong'aa hata msimu wa matope. Kila asubuhi alifuata reli kwenda tribinali, yaani mahakamani, mwavuli mkononi, joho lake jeusi limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Njiani alisalimia kila mtu kwa lugha yake: Kitabwa kwa wale wa upande wa Moba, Kiholoholo kwa wavuvi, Kiluba kwa waliotoka Manono. Kifaransa alikiweka kwa ajili ya majaji, na kwa ajili ya mke wake siku ambazo hawakupatana.

Wakati ule tai za shingoni zilikuwa zimekatazwa na serikali. Wanaume wote wenye kazi ya biro, ya ofisini, walivaa abakosi, lile koti la Chama kilichotawala, lisilo na tai, na Avoka alikuwa nalo la kijivu, kifuani ameweka alama ya Chama, imenyooka kila siku. Lakini jioni, akiwa amefunga mlango, alivaa tai ndipo akae mezani kula bukari, ugali wetu. Tulijua sote. Ukigonga, ulisikia kiti kikisukumwa, kisha alikuja kufungua shingo ikiwa wazi. Siku moja mama yangu alikalishwa kwenye kiti cha sebuleni, akahisi kitu chini ya mto, akakitoa: tai ya bluu yenye vidoti. Mama aliikunja vizuri, akamwekea juu ya meza, akaendelea na habari iliyomleta. Mama alituambia baadaye kwamba tangu siku hiyo alianza kumwamini, kwa sababu aliona kuwa naye ana kitu cha kuficha kama watu wengine.

Watu wenye kesi aliwapokea barazani. Kabla ya yote aliwakataza kutaja nani ni mbaya. “Nielezee kama vile wewe ni mbuzi aliyesimama pale pembeni,” alikuwa anasema. “Mbuzi hajui mwizi ni nani. Mbuzi anaona tu muntu anaingia, muntu anatoka na sufuria.” Wengine walikasirika. Mwanamke mmoja aliyepigwa na shemeji yake alimwambia kwamba hakutoka mbali hivyo aje kuwa mbuzi. Lakini akajaribu, na alipomaliza kueleza alikuwa amekumbuka jirani aliyekuwa anatwanga siku ile nyuma ya ua na kuona yote. Kesi ile alishinda. Alishinda nyingi. Mjini ilisemwa kwamba jaji akimwona Avoka anafungua mfuko wake wa plastiki, anaomba maji ya kunywa.

Sasa niseme habari ya nyumba, maana bila hiyo mtu hatamjua.

Nyumba aliyokaa ilikuwa ya Mgriki mmoja, mfanyabiashara wa vitambaa na samaki wa kukaushwa. Serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuyagawa kwa wananchi, Mgriki aliondoka kwa meli ya Kigoma na sanduku moja. Nyumba ikabaki mikononi mwa serikali, na serikali ikampa Avoka, kwa sababu alikuwa amekisaidia Chama kwa maneno yake mazuri mikutanoni. Alipata barua, mhuri na ufunguo. Aliingia na mke wake na watoto wake, akapanda maua ya njano mbele.

Lakini Mgriki alikuwa ameishi humo miaka mingi na mwanamke wa Zongwe. Walizaa binti, binti akafa. Mwanamke alikuwa amekwenda kwao Zongwe kumwuguza mama yake wakati mambo hayo yote yalipotokea. Aliporudi, na kapu lake la samaki wa mikeke kichwani, alikuta mapazia mapya madirishani. Alisema kwamba Mgriki alimwachia nyumba, alimwambia kwa mdomo, mbele ya mpishi. Mpishi alikuwa amehama.

Avoka hakumfukuza. Alimpa chumba cha nyuma, kile kilichokuwa bohari ya vitambaa, akamwambia akae humo mpaka atakapotaka mwenyewe. Na kila asubuhi, kabla ya kushika njia ya reli, alizunguka nyuma, akavua kofia na kusema, “Jambo, Mama mwenye nyumba.” Mara ya kwanza majirani walidhani anamcheka. Hakuwa anacheka. Aliyasema hayo kwa heshima ile ile aliyompa jaji. Yule mama alijibu, “Jambo, Papa,” akaendelea kuosha vyombo vyake. Iliendelea hivyo mwaka kwa mwaka.

Mama yangu hakuweza kuvumilia. Yeye na yule mama wa Zongwe walikuwa wakiuza ndakala pamoja sokoni, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, na aliona jinsi mwenzake alivyolala kwenye chumba kisicho na dirisha. Siku moja alimwuliza Avoka mbele yangu, bila kuzunguka.

“Papa, hii nyumba ni ya nani?”

“Sheria inasema ni yangu, Mama.”

“Na wewe unasemaje?”

Aliangalia viatu vyake. “Mimi ni muntu wa sheria,” alisema.

Hakukuwa na avoka mwingine wa kumshitaki. Wale wawili waliokuwapo mjini walikuwa rafiki zake, walikula kwake Jumapili. Yule mama naye hakuomba. Nimezunguka jambo hili tangu niko msichana mpaka sasa nina wajukuu, na sijapata namna ya kuliweka pamoja na mengine niliyoyaona kwake.

Jumapili mchana, baada ya misa, Avoka alitusomea hadithi. Alizipiga mwenyewe kwa mashine ya kuandikia, na wakati wa joto, watu wakiwa wamelala, mtaa mzima ulisikia tak tak tak. Aliandika kwa Kiswahili chetu cha Kalemie. Jaji mmoja alimwuliza kwa nini mtu aliyesoma haandiki kwa Kifaransa. Alijibu kwamba watu anaowaandika hawangejua kuwa wametajwa. Nasi tulijijua. Alikuwamo mke wa fundi cherehani aliyepima kila kitu kwa kiganja, akiwemo mume wake. Alikuwamo padri aliyesahau mahubiri yake na kuhubiri bei ya saruji. Tulicheka mpaka machozi, kisha kila mmoja alirudi nyumbani akijiuliza, Jumapili ijayo itakuwa zamu yangu?

Hadithi moja ilimletea shida. Ilihusu mtawala aliyeamuru ziwa lirudi nyuma. Watu wote waliitwa ufukoni kushuhudia, na wakapiga makofi kwamba linarudi, linarudi, huku maji yakiwapanda magotini. Sijui nani aliipeleka bironi, lakini katikati ya juma Avoka aliitwa kwa komiseri wa zone, mkuu wa wilaya yetu. Mama alisubiri barazani kwake pamoja na mke wake mpaka aliporudi. Alieleza kwamba komiseri alimkalisha vizuri, akamwomba amsomee hadithi yote kwa sauti. Komiseri alicheka. Alicheka kweli, alifuta macho kwa kitambaa. Kisha akanyoosha mkono, akachukua zile karatasi, akaziweka ndani ya meza yake, akasema, “Nzuri sana, Papa. Usiisome tena.”

Hakuisoma tena. Mtu aliyekuwa anawatetemesha majaji hakuisoma tena hata kwa mke wake. Baada ya hapo aliandika habari za zamani, za Wazungu waliokufa na treni za wakati wao. Tuliendelea kwenda kumsikiliza Jumapili, lakini kicheko kilikuwa kidogo.

Na sasa kesi ya mama.

Baba yangu alipokufa alimwachia mama kiwanja karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Ni mahali pa mchanga na mawe mapana, pazuri kwa kuanika ndakala. Ndakala wale walitulisha, walilipa minerval, ada yetu ya shule. Kulikuwa na Mkubwa mmoja wa Chama aliyetaka kujenga hapo depo ya samaki. Hakuja kuomba. Walikuja masoda, yaani askari, na mafundi, wakamwaga mawe juu ya vianikio vya mama, samaki wakiwa bado juu yavyo.

Avoka alimsikiliza mama akieleza kama mbuzi. Kisha alimwambia kwamba kesi hii itashindwa tu ikiwa sheria yenyewe imekufa, na kwamba yeye aliiona jana tribinali, ilikuwa nzima. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Alishinda Kalemie. Mkubwa alikata rufaa Lubumbashi. Avoka na mama walipanda treni, Kabalo, Kamina, mpaka huko, safari ya kulala juu ya mizigo na kununua mahindi madirishani. Mama alisimulia kwamba njia nzima alimfundisha namna ya kusimama mbele ya majaji, asiinamishe kichwa, asiseme pole. Akashinda na huko. Waliporudi, mama alivaa kitenge chake kipya tangu stesheni. Wanawake wa sokoni walimwimbia. Mimi nilidhani kesho yake tutaanika samaki.

Tribinali ilimtuma wisie, yule mtumishi anayepeleka hukumu na kuitekeleza. Alikwenda asubuhi na karatasi ndani ya jalada. Masoda wa Mkubwa walimwambia aweke jalada chini, wakampa matofali abebe. Alibeba mpaka jioni. Ukuta aliotumwa kuubomoa ndio aliousaidia kupanda. Alirudi mikono imechubuka, akamwambia Avoka kwamba anaomba radhi, ana watoto.

Hapo Avoka alikwenda mwenyewe. Mama alimfuata, na mimi nikamfuata mama. Alivaa joho lake njiani, si tribinali, akatembea nalo mchana kweupe katikati ya wauza mafuta, watu wakasimama kumwangalia. Mbele ya geti la chuma kulikuwa na soda mmoja kijana. Avoka alimsalimia, akafungua hukumu, akaisoma yote kwa Kifaransa, kwa sauti ile ya tribinali. Soda alisikiliza. Hakumkatiza. Jua lilipozidi alimletea kiti, na maji ndani ya kikombe. Avoka alipomaliza, yule kijana aliuliza inasema nini. Akamtafsiria kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi: kwamba kiwanja hiki ni cha mama huyu, na kwamba kila aliyemo atoke.

“Njo vile, Papa,” soda alisema. “Naona ni kweli. Lakini mimi naambiwa nisifungue.”

“Na nani anaweza kufungua?”

“Aliyeniambia.”

Avoka aliangalia karatasi, akaangalia geti. Alikunja joho lake polepole, akalirudisha ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimemwona akibishana na majaji watatu pamoja. Mama ndiye aliyemshukuru soda kwa maji.

Walipotangaza uchaguzi wa makomiseri wa watu, wale wabunge wa Kinshasa, Avoka alisimama. Alisema wazi barazani kwake kwamba kosa si la majaji, kosa ni kwamba hukumu haina miguu, na kwamba atakwenda huko juu kuitafutia. Tulimpigia kura sote. Mama alisafiri mpaka Nyunzu kwa dada zake kuwaambia. Siku ya kuondoka ilibidi apande ndege, jambo ambalo halikumtisha, na katika ndege ile ile alipanda Mkubwa wa depo, maana naye alichaguliwa. Waliketi kiti kwa kiti. Mkubwa alimpa dirisha.

Alikaa huko muda wake wote. Tulimsikia redioni mara moja, au tulidhani ni yeye. Aliporudi alikuwa amenenepa na nywele zimekuwa nyeupe, amepewa nishani. Mama alikwenda kumsalimia na sahani ya mikeke ya kukaanga. Aliuliza habari za safari, za watoto, kisha akauliza lile lililompeleka.

Avoka alimweleza kwamba mwaka wa kwanza alinyoosha mkono kuzungumzia hukumu zisizotekelezwa. Mwenyekiti alimshukuru sana, akapita kwenye jambo lingine. Mwaka wa pili alinyoosha tena, akashukuriwa tena.

“Na baadaye, Papa?”

“Baadaye nilipiga makofi, Mama.”

Mama alimwachia samaki na akarudi nyumbani. Hakumchukia. Aliniambia tu kwamba ukimwona mtu mzima anasema jambo kama lile bila kuficha uso, unakosa pa kuweka hasira yako.

Miaka ikapita. Niliolewa Kigoma, nikakaa huko, nikafiwa, nikarudi na watoto wangu wakati Zaire yenyewe inamalizika: masoda hawalipwi, maduka yamevunjwa, treni inakuja ikitaka. Mkubwa alikuwa amekimbilia Ulaya. Mama, mzee sasa na miguu yake imevimba, aliniambia geti la depo liko wazi, hakuna soda tena. Alinituma kwa Avoka.

Nilimkuta barazani. Mke wake alikuwa amekufa, watoto wote wako Kinshasa. Ugonjwa ulikuwa umemshika upande mmoja, mkono wa kulia umelala pajani. Mama wa Zongwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yake, anamlisha uji kwa kijiko, na kila baada ya kijiko anamfuta kidevu. Nilipomsalimia alinikaribisha kwa niaba ya wote wawili. Bado alilala chumba cha nyuma. Nilimwuliza pembeni imekuwaje kazi hii ikamwangukia yeye. Akasema alikuwa amezoea kusikia sauti yake asubuhi, na sasa mzee hawezi kuzunguka nyuma.

Avoka alisema kwa shida, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo, lakini akili ilikuwa safi. Nilipomwambia geti liko wazi, alijaribu kusimama kabla sijamaliza. Alitaka joho. Mama wa Zongwe alimvalisha, akalifunga vifungo kama mtu anayemvalisha mtoto wa shule. Tulimkalisha nyuma ya baiskeli ya jirani, jirani akasukuma, mimi nikamshika mgongo. Njia nzima alirudia namba ya hukumu, na hakukosea.

Geti lilikuwa wazi kweli. Ndani kulikuwa na watu.

Walikuwa familia zilizofukuzwa kwa ajili ya kabila lao huko kwenye miji ya migodi, zinangoja treni ya kuzipeleka kwao, nayo haikuja. Walikuwa wametandika mikeka ndani ya vyumba vya samaki. Moshi wa majiko ulitoka kila mlango. Watoto walikuwa wakicheza juu ya mawe yetu mapana, nguo zao zimeanikwa pale mama alipoanika ndakala. Mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, alimwona mzee mwenye joho jeusi, akawaita wengine. Walitoka taratibu, wakasimama pamoja. Hawakupiga kelele. Walikuwa wamekwisha kufukuzwa, walijua namna ya kusimama.

“Mumekuja kututoa?” yule mwanamke aliuliza.

Avoka alinigeukia. Jicho lake moja lilikuwa linatoa machozi peke yake, kwa sababu ya ugonjwa. Nilingoja asome, nilingoja aseme lolote, yeye aliyenifanya niamini tangu utoto kwamba maneno yakipangwa vizuri lazima kitu kisogee.

“Mwenye haki ni wewe,” aliniambia. “Sema.”

Nilimfikiria mama na miguu yake. Nilimfikiria baba. Yule mtoto mgongoni alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, na kila mmoja pale alikuwa ananiangalia mdomoni.

“Hapana, Mama,” nilisema. “Tulikuwa tunapita kusalimia.”

Yule mwanamke alishukuru. Alituuliza kama tunajua treni itakuja lini, na hatukujua.

Tulimrudisha Avoka kwa njia ile ile. Mlangoni kwake mama wa Zongwe alimfungua vifungo, akatikisa vumbi la joho, akaliingiza ndani. Avoka alikufa msimu wa mvua uliofuata. Lakini jioni ile niliporudi nyumbani mama alikuwa amekaa kitandani, amevaa kitenge kizuri, anangoja, na nilisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia.